Kupokezana Kijiti: Tuliyojifunza kwa Timu ya Raga

Sisi si wachezaji wa raga. Katika chama chetu chote yupo mmoja tu aliyewahi kuucheza mchezo huu, shuleni huko Nakuru, na hata yeye husema alipangwa pembeni kwa sababu ya mbio zake, si kwa sababu ya ujuzi. Wengine wetu, hasa tuliotoka Dar es Salaam, Unguja na Maskati, hatukujua hata kwa nini mpira wenyewe una umbo la papai. Lakini Mei 2023, tukiwa mwaka wa kwanza, tulikodi basi dogo tukaenda uwanja wa Twickenham, London, kuishangilia Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya raga ya wachezaji saba. Tulibeba bendera mbili, kanga moja, vuvuzela iliyozuiwa mlangoni, na ndoo ya maandazi ambayo mweka hazina wetu wa wakati ule aliyakaanga usiku kucha.

Wengi mnajua yaliyotokea. Shujaa walihitaji kuishinda Kanada ili wabaki katika mashindano ya ngazi ya juu ya dunia. Walifungwa 12 kwa 7. Pengo lilikuwa pointi tano, yaani trai moja tu, na kwa trai hiyo timu iliyokuwa miongoni mwa wakubwa kwa miaka mingi ikashushwa daraja mbele ya macho yetu. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, walikuwa wamewahi kushuka.

Ndani ya basi tukaanza kutafuta wa kulaumiwa. Mmoja alimlaumu mwamuzi, mwingine fedha, mwingine bahati. Wakenya wetu walikumbusha kwamba ni hawa hawa Shujaa ambao Aprili 2016, jijini Singapore, waliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa kombe lao la kwanza la mfululizo wa dunia. Walitaja majina ya kikosi kizima kama watu wanaotaja majina ya wajomba zao.

Kiti cha nyuma alikuwa amekaa mwenzetu kutoka New Zealand, mwanafunzi wa Kiswahili ngazi ya kwanza, ambaye mpaka siku ile tulikuwa tumemsikia akizungumzia chakula tu. Akainua mkono kama yuko darasani.

"Samahani," akasema. "Msaidizi wa kocha anaitwa nani?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

"Na nahodha akiumia, nani anashika nafasi?"

"Mungu atajalia," akajibu mtu kutoka mbele, na basi zima likacheka. Mgeni wetu naye akacheka, ingawa tuliona hakuelewa sana kichekesho kilikuwa wapi.

Maswali yale mawili hayakutuacha, kwa sababu miezi minne baadaye yaligeuka kuwa yetu.

Juni ile viongozi wote wa chama walihitimu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Walikuwa marafiki, wa mwaka mmoja, na tunasema bila unafiki kwamba walikuwa viongozi bora. Waliandaa Usiku wa Kiswahili, walileta washairi, walipika, walisafisha, waliandika barua kwa idara, walihariri jarida hili. Walifanya kila kitu, nasi tulikula maandazi. Walipoondoka tuliwapigia makofi na kuwapa kadi.

Oktoba tuliporudi, neno la siri la barua pepe ya chama hatukuwa nalo. Akaunti ya benki ilihitaji saini za watu wawili, na mmoja wao alikuwa Doha, mwingine amesharudi Dar es Salaam. Ufunguo wa kabati lenye vitabu, bao na kanga za mapambo haukuonekana. Fomu ya kusajili chama upya ilitakiwa kurudishwa kabla ya mwisho wa Septemba, na hakuna kati yetu aliyewahi kusikia habari za fomu hiyo. Mkutano wa kwanza tulikuwa watatu na mwalimu. Mwalimu akavitazama viti arobaini vilivyopangwa, akatutazama sisi, akasema, "Haya, karibuni," kisha akamimina chai.

Mwaka ule ule darasa la Kiswahili ngazi ya pili halikufunguliwa. Wanafunzi wanne walitaka kuendelea, mgeni wetu wa New Zealand akiwa mmoja wao, wakaambiwa kwamba idadi haitoshi. Hatudai kwamba chama ndicho kilichoangusha darasa. Lakini wengi wanaojiandikisha kwa somo hili huanza kwa kuonja chakula chetu, kusikia wimbo, kupata rafiki, halafu ndipo wanapokwenda kujaza fomu. Mlango ule ulipofungwa, vyumba vya ndani vilianza kutiwa kufuli. Wazee walisema mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Sisi tulikuwa wale makinda, na hatukuwa tumejifunza kuruka kwa sababu mti ulikuwa mzuri mno.

Mwisho wa Oktoba hiyo ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 15, New Zealand dhidi ya Afrika Kusini, jijini Paris. Tulimwonea huruma mwenzetu kuitazama peke yake, tukaenda naye katika sebule ya bweni. Afrika Kusini walishinda 12 kwa 11. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alipewa kadi nyekundu, ya kwanza katika fainali ya Kombe la Dunia la wanaume. Mwenzetu alikaa kimya kama sisi tulivyokaa kimya ndani ya basi. Tulipomletea chai ndipo tukamrudishia swali lake: kwa nini, siku ile, aliulizia msaidizi wa kocha?

Tukakesha tukimsikiliza, na baada ya usiku ule tukaanza kusoma wenyewe. Hadithi ya All Blacks tutawasimulia kwa ufupi, kwa sababu ndiyo iliyotufungua macho.

New Zealand ni nchi ya watu takriban milioni tano, na timu yake ya raga imekuwa miongoni mwa bora duniani kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, kulikuwa na miaka 24 ambayo haikutwaa Kombe la Dunia. Ilishinda la kwanza 1987, kisha kila baada ya miaka minne ikaenda na matumaini na kurudi na kilio. Kilio kikubwa kilikuwa Oktoba 2007 huko Cardiff, ilipotolewa na Ufaransa katika robo fainali, 20 kwa 18. Taifa zima lilitaka kocha Graham Henry aende. Desturi ilikuwa hivyo: ukishindwa Kombe la Dunia, unampisha mwingine, naye anaanza upya.

Safari hii wakuu wa mchezo walifanya jambo lililowashangaza wengi. Walimbakiza Henry, na wasaidizi wake wawili, Wayne Smith na Steve Hansen, wakabaki naye. Ilikuwa kana kwamba wamesema: watu hawa wameshalipa karo ya somo la Cardiff, tukiwafukuza leo, mwingine atakuja kulipa karo ile ile upya.

Miaka minne baadaye, 2011, Kombe lilichezwa nyumbani kwao. Hapo ndipo ilipo sehemu ambayo mwenzetu huisimulia amesimama. Katika raga, mchezaji mwenye jezi namba 10 ndiye mpishi wa timu. Ndiye huamua kupiga, kukimbia au kupasia. Namba 10 wa New Zealand alikuwa Dan Carter, ambaye wengi humhesabu kuwa bora kuliko wote waliowahi kuivaa jezi hiyo. Carter akaumia nyonga mazoezini kabla ya hatua ya makundi kumalizika. Akaingia Colin Slade, naye akaumia katika robo fainali. Akaingia Aaron Cruden, naye akaumia goti katika fainali yenyewe, kabla ya mapumziko. Aliyebaki benchi alikuwa Stephen Donald, mtu ambaye mashabiki walikuwa wamemkataa. Alipoitwa kikosini wiki chache kabla alikuwa mto Waikato akivua visamaki. Jezi aliyopewa ilimbana, ikawa inapanda tumboni kila akikimbia. Huyo wa nne ndiye aliyepiga penalti iliyoleta ushindi. New Zealand 8, Ufaransa 7.

Tulipoisikia mara ya kwanza tulisema ni bahati. Mwenzetu akakataa. Bahati, alisema, ni penalti kupita katikati ya milingoti. Lakini kwamba mtu wa nne katika foleni alikuwa ameshaichezea timu ya taifa, anazijua ishara zote, anawajua wenzake, na anaweza kuingia katika fainali bila mtu kumweleza asimame wapi, hiyo haikuwa bahati. Hiyo iliandaliwa miaka mingi, wakati Carter yupo mzima.

Henry alistaafu baada ya ushindi. Aliyepokea hakutafutwa mbali; alikuwa Hansen, msaidizi tangu 2004, mtu ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa kocha mkuu wa Wales na kuonja vipigo mfululizo. Chini yake, 2013, New Zealand ilicheza mechi 14 za kimataifa na kushinda zote 14. Mwaka huo huo nahodha Richie McCaw alipumzishwa kwa miezi kadhaa, kwa makubaliano, akiwa bado nahodha na bado mwenye nguvu. Ufaransa walipokuja Juni kwa mechi tatu, timu iliongozwa na Kieran Read, na ikashinda zote tatu. McCaw akarudi kwenye nafasi yake. Hakuna aliyempindua. Lakini kuanzia hapo kila mtu, Read akiwemo, alijua kwamba Read anaweza.

Walishinda tena Kombe la Dunia 2015 kwa kuifunga Australia 34 kwa 17 pale pale Twickenham tulipolia sisi, wakawa timu ya kwanza kulitwaa mara mbili mfululizo. Kisha mti mkuu ukaanguka. McCaw alistaafu baada ya mechi 148 za kimataifa. Carter aliondoka baada ya mechi 112, na pamoja nao wakaondoka Ma'a Nonu, Conrad Smith, Keven Mealamu na Tony Woodcock. Nchi nyingine ingetangaza kipindi cha mpito na kuomba uvumilivu. Mwaka uliofuata, Read akiwa nahodha kamili, New Zealand ilifikisha ushindi wa mechi 18 mfululizo kabla ya Ireland kuikatiza huko Chicago, Novemba 2016. Makinda hawakuyumba. Beauden Barrett, aliyetoka benchi na kufunga trai katika fainali ya 2015, ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa dunia wa 2016.

Mwenzetu alituonya tusije tukamfanya mgema wa kusifiwa. Baada ya Hansen alipandishwa tena msaidizi, Ian Foster, na safari hii njia haikuwa laini. Mwaka 2022 walipoteza nyumbani mfululizo wa mechi na Ireland, kisha kwa mara ya kwanza wakafungwa na Argentina katika ardhi yao. Machi 2023, kabla Foster hajaenda Kombe la Dunia, mrithi wake Scott Robertson alikuwa ameshatangazwa. Na pamoja na hayo Foster aliifikisha timu fainali na kukosa kombe kwa pointi moja. Waliomfunga, Afrika Kusini, nao walikuwa wamepokezana kwa namna yao: Rassie Erasmus aliyewaongoza kushinda 2019 aliingia nyuma ya pazia kama mkurugenzi na kumwachia ukocha Jacques Nienaber, mtu aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, baada ya ushindi wa 2023 Nienaber akaondoka na Erasmus akarudi mbele. Kwa hiyo kumpandisha mtu wa ndani si dawa ya kila ugonjwa. Lakini hata katika mwaka wao mbaya, New Zealand hawakuwahi kujikuta mbele ya kabati lisilo na ufunguo.

Wakenya wetu walikaa na hadithi hii kwa uchungu zaidi. Hakuna asiyejua kwamba Kenya haina uhaba wa vipaji. Ni nchi iliyotoa ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera, na Injera mwaka 2016 aliwapita wote duniani kwa idadi ya trai katika mfululizo wa raga ya saba. Ujuzi wa ukocha pia ulikuwepo. Marehemu Benjamin Ayimba aliifikisha Shujaa nusu fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba 2009 huko Dubai, na ni yeye aliyekuwa kocha siku ya Singapore. Lakini hesabuni wenyewe: kati ya 2012 na 2023 usukani ulipita kwa Mike Friday, Paul Treu, Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, kisha Damian McGrath. Wote walikuwa makocha hodari, na baadhi walileta matokeo makubwa. Tatizo ni kwamba kila mmoja alilazimika kuanza na daftari tupu. Hatusahau kwamba fedha nazo zilikuwa za shida, wala hatulinganishi nchi ambayo raga ndiyo mchezo wake wa kwanza na nchi ambayo kijana anaweza kukua bila kuugusa ule mpira. Tunasema tu kwamba Twickenham tuliona mwisho wa jambo lililoanza siku nyingi. Wala halikuwa mwisho kabisa: 2024, chini ya Kevin Wambua, Shujaa walirudi daraja la juu huko Madrid, kisha wakacheza Olimpiki ya Paris. Safari hii tulikuwa tumejifunza kuuliza majina ya wasaidizi.

Kwa kuwa sisi ni chama cha lugha, hatukuweza kuliacha jambo hili bila kulipeleka kwenye maneno. Kiswahili humwita anayefuata "mrithi", na neno hilo lina harufu ya msiba. Mrithi hupokea mwenye mali akiwa hayupo. Anafungua sanduku na kukisia kila kitu kilikuwa cha nini. Ndivyo sisi tulivyokipata chama. Lipo neno "kung'atuka", alilotupa Mwalimu Nyerere kutoka Kizanaki, kwa maana ya kuondoka madarakani kwa hiari wakati wako ukifika. Ni neno zuri, na yeye mwenyewe hakulitimiza kwa siku moja: aliacha urais 1985, lakini uenyekiti wa chama akauacha 1990. Hata hivyo neno hilo lina mtu mmoja ndani yake, anayeondoka. Kisha tunalo "kupokezana". Walimu wetu watatuambia kwamba lile "-an-" ni la kutendeana. Huwezi kupokezana peke yako, wala kupokezana na mtu aliyekwishaondoka. Wakimbiaji wa kijiti hufika mahali ambapo mikono miwili imekishika kijiti kile kile, na wote wawili wanakimbia.

Haya yote tuliyajua, tuliyajadili, tukayaandika hata kwenye ubao. Sasa tuwaambieni jambo ambalo ni gumu zaidi kuliandika.

Chama tulikifufua. Tulisajili upya, tukafungua akaunti mpya, mwalimu akavunja kufuli la kabati kwa ruhusa ya idara. Mwaka uliofuata tulikuwa watu zaidi ya thelathini, na darasa la ngazi ya pili likafunguliwa tena. Tukajisifu. Na katika kujisifu huko, bila kukusudia, tukawa kama wale waliotutangulia. Kwa kuwa tulikuwa tumeteseka kukijenga, tuliona hakuna anayekijua kama sisi. Tulimchagua katibu msaidizi wa mwaka wa pili, binti mmoja mchapakazi kutoka Bujumbura, tukampa kazi ya kuchapa tangazo na kupanga viti.

Februari mwaka huu, siku tatu kabla ya Usiku wa Kiswahili, mwenyekiti wetu alishikwa na homa kali. Shughuli yote ilikuwa kichwani mwake na katika simu yake. Binti yule ndiye aliyeachiwa. Alitupigia simu mfululizo: wageni wanapokelewa na nani, pilau imeagizwa wapi na imelipwa au bado, mpiga udi anaanza saa ngapi. Kila mmoja wetu alijua kipande, na hakuna aliyejua kitu kizima. Chakula kilichelewa saa nzima. Mgeni rasmi alikaribishwa kwa cheo ambacho si chake. Lakini shughuli ilifanyika, watu walikula, mashairi yakasomwa.

Tulipokuwa tukifagia ukumbi tulimshukuru, tukamwambia amefanya vizuri kuliko tulivyotarajia. Hakufurahi. Aliweka ufagio chini akasema:

"Kaka na dada zangu, mimi sikuliogopa jukwaa. Niliogopa kwamba nikikosea, mtaona mlikuwa sahihi kutonipa kazi."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimkumbuka Donald na jezi yake iliyombana. Tulikuwa tumeisimulia hadithi ile mara nyingi kwa furaha, tukidhani sisi ndio New Zealand.

Kwa hiyo tulibadilisha mambo machache, na tunayaweka hapa ili mtakaokuja baadaye mtushike nayo. Uchaguzi umetolewa Juni na kuletwa Machi, ili wapya na wa zamani wakae pamoja muhula mzima. Kila cheo kina msaidizi wa mwaka wa chini, na msaidizi huendesha mkutano mmoja katika kila mikutano mitatu, mkubwa wake akiwa amekaa viti vya nyuma na mdomo umefungwa. Saini za benki ni za watu wa miaka tofauti. Lipo daftari, la karatasi, lenye kila fomu na tarehe yake. Na baada ya kila shughuli, wanaofagia ni viongozi wanaoondoka. Hili la mwisho tumeliiga kwa All Blacks, ambao nyota wao wakubwa husafisha wenyewe chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi. Tulipoanza tulidhani ni unyenyekevu tu. Sasa tunaona pia kwamba mtu mwenye ufagio mkononi hapati nafasi ya kutoa maagizo.

Kukaa kimya ndiko kugumu. Mwezi uliopita mwenyekiti mpya, binti yule yule, aliongoza jioni yake ya kwanza. Alichagua ukumbi ambao sisi tusingeuchagua. Aliondoa ngonjera, akaweka mashindano ya kuimba Bongo Fleva. Tuliumana vidole. Watu walikuja wengi, nusu yao hatujawahi kuwaona, na watano wakaulizia jinsi ya kujiandikisha kwa Kiswahili mwaka ujao. Mashairi yalipata dakika kumi tu. Kuhusu dakika zile kumi bado hatujakubaliana naye, na amekwisha kutuambia kwa heshima zote kwamba hatulazimiki kukubaliana.

Juni tutatawanyika: Nairobi, Maskati, Manchester, na mmoja wetu Auckland. Huyo wa Auckland sasa anazungumza Kiswahili mpaka methali, na jioni ile alipomaliza kufagia alimwendea mwenyekiti mpya, akainua mkono kama siku ile ndani ya basi.

"Samahani, dada. Msaidizi wako anaitwa nani?"

Binti akageuka, akamwonyesha kijana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa kwenye kona karibu na ndoo, andazi mkononi na jingine mdomoni. Kijana akatutazama sote, akatafuna haraka, akameza.

"Mimi?" akasema.

"Wewe," akajibu mwenyekiti wake, na akamrushia ufunguo wa kabati.